Kutenga Ada ya Januari na Kuivusha Desemba: Mwongozo kwa Mzazi wa Moshi na Arusha

Kila mwaka, shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, mimi huwa nimekaa upande wa ndani wa dirisha la uhasibu katika shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Moshi, na kila mwaka wazazi huniuliza maswali yale yale: fedha za ada zitunzwe wapi zisiliwe, mtu aanze kutenga mwezi gani, benki ni bora kuliko kikoba au sivyo, na afanye nini yule ambaye Krismasi imekwisha na ada imekwenda nayo. Nimekuwa nikiyajibu kwa haraka, foleni ikiwa ndefu na aliye nyuma akigonga kioo kwa funguo za gari, jambo ambalo si haki kwa muulizaji. Hapa nimeyaandika kwa utulivu.

Nilichokiona dirishani ni kwamba mwenye kipato kikubwa si lazima awe wa kwanza kulipa. Wapo akina mama wauza ndizi wa Mwika wanaokamilisha awamu ya kwanza kabla shule haijafunguliwa, na wapo wenye mishahara inayoingia kwa tarehe inayojulikana wanaoandika barua ya kuomba muda hadi Machi. Wale wa kwanza walizitenga fedha mapema, wakaziweka mbali na mkono, na zaidi ya yote wakazivusha Desemba. Kwa upande wetu huu wa nchi, mto wenyewe ni huo. Desemba ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi kihambani, yaani nyumbani kwenye shamba la ukoo. Kuna mbuzi, kuna mbege, kuna kipaimara cha mtoto wa kaka, kuna harusi mbili ambazo kadi zake zililetwa tangu Oktoba, na kuna kikao cha ukoo ambacho hakijapata kumalizika bila mchango. Ada iliyo mfukoni au kwenye simu katika wiki hizo haifiki Januari ikiwa nzima.

Mwongozo huu unamfaa pia mzazi wa shule ya serikali. Ni kweli kwamba ada ilifutwa mwaka 2016 kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/23, lakini mtoto anayechaguliwa kwenda shule ya bweni huja na fomu ya kujiunga yenye orodha ya godoro, shuka, tranka, ndoo, fyekeo na sare, na bado kuna nauli ya kumfikisha huko. Orodha hiyo hakuna aliyeifuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mchanganuo wa ada wa mwaka ujao, au wa mwaka huu ikiwa mpya haujatoka. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani wala maneno ya mzazi mwenzako.
- Kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, kwa ajili ya kufungua akaunti. Beba pia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kwa kuwa wakati mwingine huombwa, na kupanda daladala mara mbili kwa ajili ya karatasi moja kunakatisha tamaa.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wapo watu wanaotunza mamilioni kwenye laini iliyosajiliwa na shemeji miaka sita iliyopita, na shemeji huyo sasa hawaelewani naye.
- Kaunta buku dogo na kalamu.
- Mtu mmoja unayemwamini, ambaye kazi yake nitaieleza katika hatua ya nne. Hatakopeshwa na hatatunza fedha.

Hatua ya 1: Andika kiasi chote cha Januari

Wazazi wengi huandika awamu ya kwanza ya ada pekee, wakafanikiwa kuipata, kisha wakashangaa kuona bado wanadaiwa. Januari ina vitu vingi vinavyoingia kwa pamoja, na vyote viandikwe.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja wa shule ya kutwa anayepanda gari la shule. Awamu ya kwanza ya ada ni shilingi 500,000, gari la shule kwa muhula ni 180,000, sare na viatu ni 110,000, madaftari na vitabu ni 70,000, na mitihani ni 40,000. Jumla ni shilingi 900,000. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mambo ambayo hukuyaona, kwa mfano ada kupandishwa au mtoto kukua ghafla na viatu vya mwaka jana kumbana, upate 990,000. Hicho ndicho kiasi chako. Kiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa tarakimu kubwa, na chini yake uandike jina la mtoto. Awamu za Aprili, Julai na Septemba zihesabiwe katika kurasa zake. Ukizichanganya na hii ya Januari hutajua ni ipi iliyopungua.

Hatua ya 2: Gawanya kwa siku unazopata fedha, na umalize Novemba

Ukomo wa kutenga ni tarehe 30 Novemba, na hapo hakuna mjadala. Anayepanga kumalizia kwa mshahara wa Desemba anapanga kuchelewa, kwa sababu mshahara huo mara nyingi hulipwa kabla ya sikukuu, halafu unatakiwa kumfikisha mtu hadi mwisho wa Januari.

Ukianza mwanzoni mwa Machi una miezi tisa, yaani wiki 39. Mwenye mshahara atatenga 110,000 kwa mwezi. Anayepata fedha kwa wiki atatenga 25,400. Anayeuza sokoni mara mbili kwa wiki, kama wale wa Tengeru wanaouza Jumatano na Jumamosi, atatenga 12,700 kila siku ya soko.

Mkulima wa kahawa asijilazimishe kufuata miezi, kwa sababu kahawa ya Kilimanjaro huvunwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka na kabla ya hapo hana kitu. Yeye ahesabu kwa kilo. Akitarajia kupeleka kwenye chama cha ushirika kilo 200 za kahawa ya maganda na akaamua kwamba 2,500 ya kila kilo ni ya shule, atapata 500,000, na zile 490,000 zilizobaki atazitoa kwenye ndizi, ambazo hazina msimu mkali, kwa 6,300 kila siku ya soko. Malipo ya pili ya kahawa, yale ya nyongeza ambayo ushirika hutoa baada ya kahawa kuuzwa, asiyahesabu kabisa, kwa kuwa tarehe yake haiko mikononi mwake. Yakija mapema yatakuwa ya awamu ya Aprili.

Mpagazi na mwongoza watalii nao wana msimu wao, na Aprili na Mei ni miezi ya mvua ambayo mlima huwa na wageni wachache. Ahesabu kwa safari. Akitegemea safari 15 kati ya Machi na Novemba, kila safari itoe 66,000, na zitoke kwenye tipu siku ile ile anaposhuka lango la Mweka, kabla hajafika mjini ambako marafiki wanamsubiri.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kuzitunza

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi ya mengine yote, nami sitalijibu kwa neno moja. Mahali pazuri pana sifa mbili: kuingiza fedha kuwe rahisi, na kuzitoa kuwe na usumbufu kidogo. Mahali pengi tulipopazoea pana sifa ya kwanza tu.

Kibubu nakikataa, na ninakikataa kwa uzoefu. Nilipokuwa kijana nilichongesha kibubu cha mninga kwa fundi, nikakiweka juu ya kabati, na kufikia Septemba kilikuwa kizito hata nikajivuna. Oktoba niligundua kwamba ukikiinamisha, ukaingiza kisu cha mezani kwenye tundu na kukitikisa taratibu, noti nyekundu ya elfu kumi huteleza juu ya kisu na kutoka bila kuchanika. Niliitoa moja, nikaahidi kuirudisha. Desemba nilikipasua nikakuta sarafu na noti za elfu moja moja. Mwizi alikuwa mimi mwenyewe, na wa nje asingeweza kunishinda. Tena noti zilizofichwa zinaweza kupitwa na wakati: Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Aliyekumbuka kufungua kibubu baada ya hapo alibaki na karatasi.

Pochi ya simu ya kawaida, iwe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, ni njia nzuri ya kusafirishia fedha kwenda kwenye akiba, lakini si akiba. Salio unaloliona kila unaponunua vocha ni salio unalolitumia. Ikiwa hapo ulipo hakuna njia nyingine, tumia laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako, itoe kwenye simu na uifungie mahali, lakini irudishe na kuitumia angalau mara moja kwa mwezi, kwa kuwa laini inayolala muda mrefu hufungiwa.

Akaunti ya akiba ya benki, iliyo tofauti na ile unayopokelea mshahara au malipo ya kahawa, ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi. Uliza kwanza makato ya kila mwezi na kiwango cha chini cha salio. Usichukue kadi. Usiiunganishe na simu kwa ajili ya kutoa. Kuweka kupitia wakala kunatosha. Mwenye mshahara aandike maagizo ya kudumu, ili benki ihamishe 110,000 siku ile ile mshahara unapoingia, kabla yeye hajaamka. Amana za benki zina bima ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kiwango chake cha juu kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,500,000 hadi 7,500,000 kwa mteja, kwa hiyo ada ya mtoto mmoja au wawili imo ndani ya kinga hiyo.

Ukishapata fungu kubwa kwa mara moja, kwa mfano malipo ya kahawa, unaweza kulifunga katika akaunti ya muda maalumu ya miezi mitatu au zaidi. Riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na baada ya hapo usitarajie utajiri. Faida hasa ni kwamba fedha zimefungwa. Angalia mambo mawili kwenye fomu. La kwanza ni tarehe ya kuiva, ambayo inafaa iwe wiki ya kwanza ya Desemba. La pili ni kile kisanduku kidogo kinachouliza kama fedha zijirudie zenyewe muda ukiisha. Mzazi mmoja alikiwekea alama ya vema bila kusoma, na ada yake ikafungwa tena hadi Machi, naye akiwa amesimama mbele yangu na cheti cha benki mkononi.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya serikali, inamfaa anayetazama mbali zaidi ya Januari ijayo. Mfuko wa Watoto ulianzishwa kwa ajili ya malengo ya namna hii, na Mfuko wa Ukwasi hutumiwa na wanaotaka kutoa fedha mapema. Kumbuka kwamba unanunua vipande, kwamba thamani ya vipande hupanda na inaweza kushuka, na kwamba kuviuza huchukua siku kadhaa za kazi. Anayeomba kuuza siku ya Jumatatu ya kufungua shule amechelewa.

SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mkoa wetu wa Kilimanjaro una uzoefu mkubwa wa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa hapa, ilianza mwaka 1933. Hata hivyo uelewe maneno yanayotumika humo. Hisa zako haziwezi kutolewa ovyo kila unapotaka, na akiba zako mara nyingi ndizo dhamana ya mkopo wako au ya mwenzako uliyemdhamini. Kinachofaa kwa ada ni amana ya hiari. Uliza inatolewa kwa taarifa ya siku ngapi, na ujue kwamba bima ile niliyoitaja ya mabenki haihusu SACCOS.

Kikoba nakikubali kwa masharti. Kwanza kiwe kimesajiliwa, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne na inavitaka visajiliwe, jambo ambalo afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atakuelekeza. Pili, sanduku liwe na kufuli tatu na watunza funguo watatu wasioishi nyumba moja, na fedha zihesabiwe mbele ya wote. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, kikundi kivunje na kugawana mwishoni mwa Novemba badala ya tarehe 20 Desemba. Mgao wa tarehe 20 Desemba ni mchango wa Krismasi wenye jina la ada. Mchezo wa kupeana nao unafaa ikiwa zamu yako imepangwa Novemba na wachezaji ni watu unaowafahamu hadi nyumbani kwao.

Njia ya mwisho ni kuilipa shule yenyewe kidogo kidogo kabla ya wakati, nami kama mhasibu naipenda, kwa kuwa fedha zikishaingia shuleni hakuna shemeji atakayezikopa. Uliza kwanza kama shule inapokea malipo ya mbele na utaratibu wa kurudishiwa ukimhamisha mtoto, kwa sababu kurudishiwa huchukua muda mrefu.

Tahadhari. Kampuni za kukopesha zilizo katika daraja la pili la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha haziruhusiwi kupokea amana za watu. Ofisi ya mikopo ikikuambia ikutunzie ada, ondoka. Vivyo hivyo anayekuahidi kwamba 300,000 zitakuwa 600,000 ndani ya mwezi anaendesha upatu wa kitapeli, hata kama anafungua kikao kwa sala.

Hatua ya 4: Zipe fedha jina na mlinzi wa pili

Fedha zisizo na jina huitwa "zile hela za benki", na hizo kila mtu nyumbani ana hoja nazo. Ziite kwa jina la mtoto na darasa. Mume na mke wakae chini siku moja, wakubaliane kiasi, mahali na tarehe, na wote wawili wajue akaunti ipo wapi. Ikiwezekana akaunti iwe ya pamoja yenye sharti la sahihi za wote wawili katika kutoa. Wengine huona sharti hilo ni dalili ya kutoaminiana. Mimi naliona kama kufuli ya pili ya sanduku la kikoba.

Anayelea watoto peke yake achague dada, mama mdogo au mzee wa kanisa, amwonyeshe daftari mara moja kwa mwezi. Huyo hapewi fedha wala namba ya siri. Kazi yake ni kuuliza tu, na swali lake moja, "Mwezi huu umeweka?", lina nguvu kuliko riba ya benki. Mlinzi huyu ana faida nyingine ambayo hatupendi kuitaja: mwenye akaunti akifariki, familia hulazimika kuteua msimamizi wa mirathi na kumthibitisha mahakamani kabla ya kupata fedha, na hata safari hiyo haianzi ikiwa hakuna anayejua kwamba akaunti ilikuwepo.

Hatua ya 5: Tenga kwanza, siku ile ile

Fedha za ada zitoke kabla ya matumizi mengine, na zitoke siku zilipoingia. Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni alinionyesha njia yake. Asubuhi, fedha za wateja wa mwanzo zikifika 12,700, huzifunga fundo katika pindo la khanga aliyojifunga ndani, si katika mkoba wa biashara. Akitaka kurudisha chenji hawezi kulifikia fundo hilo bila kusimama na kujifungua khanga mbele za watu. Saa kumi jioni, kabla ya kupanda daladala, hupita kwa wakala na kulifungulia hapo. Hajui neno lolote la uhasibu, lakini amefanya kuweka kuwe rahisi na kutoa kuwe na usumbufu.

Kwa wakala, usitaje namba ya siri kwa sauti wala kumpa simu akufanyie. Ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Upeleke kwenye namba 15040 ya kuripoti utapeli. Msimu wa ada matapeli hujifanya wahasibu wa shule, na mhasibu wa kweli hana sababu ya kukupigia usiku akitaka ada iingie kwenye namba yake binafsi.

Hatua ya 6: Andika

Madukani hupachikwa maneno haya: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kiasi ulichoweka na salio. Mstari mmoja unatosha. Kila mwisho wa mwezi linganisha na taarifa ya benki au kitabu cha kikundi, na tofauti ikionekana iulizwe wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Funga mlango mwezi wa Novemba

Hatua hii ndiyo inayotenganisha wanaolipa na wanaoandika barua. Mwanzoni mwa Novemba fungua daftari, uone umebakiza kiasi gani, na ukamilishe. Kisha fanya mambo matatu.

Kwanza, tenga fungu la Krismasi peke yake, hata kama ni dogo. Nasisitiza hili kwa sababu mzazi asiye na fungu la sikukuu atakula ada, si kwa uovu bali kwa sababu hawezi kumpokea baba mkubwa kwa maji matupu. Fungu hilo likiisha, sikukuu imeisha.

Pili, andaa jibu mapema. Ndugu hawaombi ada yako, wao huomba "chochote ulicho nacho", na anayetunga jibu papo hapo hushindwa. Ukimwambia shemeji kwa heshima kwamba ada ya mtoto imeshalipwa na risiti ipo, mazungumzo hufika mwisho bila ugomvi. Ukimwambia ipo benki, yameanza.

Tatu, lipa kabla ya Krismasi. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, ofisi nyingi za uhasibu huendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa, na akaunti ya shule hupokea fedha wakati wote. Nunua pia viatu na madaftari wakati huo, kwa kuwa wiki ya kufungua shule maduka ya sare hujaa hadi barabarani na namba za viatu vya watoto hukosekana.

Hatua ya 8: Lipa kwa namna itakayokutambulisha

Lipa kwa akaunti au namba ya kumbukumbu iliyo kwenye mchanganuo wa ada, kamwe si mkononi mwa mwalimu. Kwenye hati ya benki andika jina la mtoto kama lilivyo shuleni, darasa na awamu. Kila Januari tunapata malipo yaliyoandikwa "ADA" tu, au "Mama Neema", na katika shule yetu akina Neema ni kumi na mmoja; fedha hizo hukaa bila mwenyewe hadi mzazi aje na hati yake. Pata stakabadhi ya shule, ipige picha, uitume kwa yule mlinzi wako wa pili, na ile ya karatasi uibandike kwenye daftari, kwa sababu wino wa risiti za mashine hufifia.

Pale mambo yanapokwama

*Nimeruka miezi miwili.* Usijaribu kufidia mara moja. Chukua kiasi kilichobaki, ukigawe kwa siku za mapato zilizobaki hadi 30 Novemba, na uanze na kiwango hicho kipya. Anayejitwisha mzigo wa miezi mitatu katika mwezi mmoja huacha kabisa.

*Ugonjwa umenilazimu kuchukua sehemu ya ada.* Andika kwenye daftari kama deni lenye tarehe ya kurudisha, na umwambie mlinzi wako siku hiyo hiyo. Kisha anza mfuko mdogo wa dharura, hata wa 2,000 kwa wiki, kwa kuwa ada isiyo na mfuko wa dharura pembeni hugeuka kuwa ndio huo mfuko.

*Simu imepotea au laini imekatika ghafla bila sababu.* Piga huduma kwa wateja kwa simu nyingine laini ifungwe kwanza, toa taarifa polisi, kisha urudishe laini kwa kitambulisho chako. Usisubiri kesho.

*Kikundi kinasema fedha ziko kwa wakopaji.* Itishe daftari la mikopo mbele ya wanachama, uone nani anadaiwa na lini analipa, na upate maandishi yenye tarehe na sahihi za viongozi. Ikishindikana, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii ukiwa na kitabu chako cha hisa. Mwakani uhamishe ada kwingine, hata ukibaki mwanachama.

*Akaunti imelala.* Nenda tawini na kitambulisho. Usisubiri Januari, kwa sababu siku hizo foleni ya benki ni ndefu kama ya kwetu.

*Krismasi imepita na sina kitu.* Usikimbilie mikopo ya kausha damu, kwa kuwa marejesho yake yataanza kula awamu ya Aprili kabla hujamaliza ya Januari. Hesabu ulichonacho, kilipe shuleni, na uje ofisini kabla shule haijafunguliwa ukiwa na hati hiyo na tarehe mbili au tatu unazoweza kuzitimiza kweli. Mzazi aliyekuja mapema na 150,000 na ratiba iliyoandikwa husikilizwa tofauti na anayekuja baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Kwetu dirisha hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo foleni bado haijafika kwenye ngazi.